Signali na Vifaa vya Kando ya Reli vya Treni Kongwe za Lionel: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa signali katika stesheni ndogo ya Reli ya Kati. Kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo wa chuma, waya mrefu ukaenda kando ya mataruma mpaka mlingotini, na kule mbali mkono ukabadilika ili dereva ajue kama njia iko wazi. Miaka mingi baadaye, nikiwa naishi Pennsylvania, Marekani, nilikuta signali ya kuchezea kwenye meza ya mnada, imekatika waya na imejaa kutu. Niliinunua kwa sababu ya baba. Tangu hapo nimefungua, nimesafisha na kufufua nyingi, na Waswahili wenzangu wa huku na wa nyumbani wameniuliza maswali ambayo mengi yanarudi yale yale. Nimeyakusanya hapa.

Tunazungumzia vitu gani hasa?

Tunazungumzia vitu vinavyosimama pembeni ya reli ya treni ya kuchezea ya umeme: signali za taa, signali za mkono, mageti ya makutano ya reli na barabara, kengele za tahadhari, vibanda vya walinzi, minara ya taa, vipakio vya magogo na makaa, stesheni na nguzo za taa za barabarani. Nitashughulika zaidi na vile vya kampuni ya Lionel ya Marekani, hasa vya kati ya 1945 na 1969, kwa kuwa ndivyo nilivyoshika kwa mikono yangu na ndivyo unavyoweza kuvipata bila kuuza shamba.

Kwa nini Lionel, na si kampuni nyingine?

Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni hii New York mwaka 1900. Wengine walitengeneza treni nzuri pia, nyingine nzuri kuliko zake, lakini Lionel walielewa mapema kwamba mtoto akishaona treni ikizunguka mara kumi anataka kitu kingine kitokee. Kwa hiyo wakajaza kando ya reli vitu vinavyotikisika, vinavyolia na kuwaka. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa vichezeo vya chuma mwaka 1942, na kiwanda kikageukia vifaa vya jeshi la majini. Krismasi ya 1943 Lionel hawakuwa na treni ya kuuza ila ya karatasi ngumu, ya kukata na kukunja. Treni za chuma zilirudi mwishoni mwa 1945, na miaka kumi na mitano hivi iliyofuata ndiyo neema ya vifaa tunavyovizungumzia.

Nianze na kifaa kipi?

Anza na mlinzi wa geti. Sina jibu jingine.

Ni kibanda kidogo cheupe chenye paa jekundu. Treni ikikaribia, mlango unafunguka kwa kishindo na mzee mmoja anatoka nje na taa yake mkononi. Treni ikipita, anarudi ndani na mlango unafungwa. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na bado sijaona mtu, mtoto au mtu mzima, aliyekiona mara ya kwanza bila kuomba treni irudi tena. Kilitoka mwaka 1935, na kiwanda kiliendelea kukitengeneza kwa namba mbalimbali. Cha chuma kitupu ni 45N. Cha kuanzia 1950 hadi 1966, chenye nyumba ya plastiki, ni namba 145. Kwa kuwa 145 kilitengenezwa miaka mingi hivyo, vipo tele, na kilichochakaa unakipata kwa bei ya chakula cha watu wawili.

Watu hulalamika kwamba mlinzi ni mkubwa mno kwa kibanda chake. Akisimama wima, kichwa karibu kiguse paa. Ni kweli. Lakini mtoto aliyelala kifudifudi sakafuni humtazama yeye wala hapimi mlango, na nadhani waliomchonga walijua hilo.

Ukishakuwa naye, ongeza signali ya taa namba 153, ambayo ina kijani na nyekundu, kisha signali ya mkono namba 151 iliyotengenezwa kuanzia 1947 hadi 1969. Taa za makutano zinazopepesa kwa zamu, namba 154, zinafuata. Vipakio vikubwa viache kwanza mpaka umezoea waya.

Signali inajuaje kwamba treni imefika?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ndiyo iliyokuja ndani ya boksi: kifaa cha kubonyezwa, kinachowekwa chini ya reli. Treni ikipita juu, uzito wake unaisukuma reli chini kidogo, kifaa kinagusisha umeme, na signali inabadilika. Kina nati ya kurekebisha. Ukiikaza kupita kiasi, signali haiachi kuwaka. Ukiilegeza, behewa tupu linapita bila kuonekana. Reli ikiwa imepigiliwa misumari kwenye ubao, haishuki kabisa na kifaa hakina kazi. Watu wengi huamini signali yao imekufa, kumbe tatizo ni msumari mmoja.

Njia ya pili ni bora na haina kitu cha kuchakaa. Reli ya Lionel ina vyuma vitatu. Cha katikati kinaleta umeme kwenye kichwa cha treni, na viwili vya pembeni vinaurudisha kwenye transfoma. Magurudumu na ekseli ni vya chuma. Sasa chukua kipande kimoja cha reli, utenge chuma kimoja cha pembeni: ng'oa pini za chuma za ncha zake mbili uweke za plastiki au faiba, kisha fungua vibano vya mataruma na utie karatasi ngumu ya kuzuia umeme, kama ile iliyopo tayari chini ya chuma cha katikati. Chuma hicho sasa hakina mawasiliano na kitu chochote. Funga waya mmoja wa signali kwenye chuma hicho, na mwingine kwenye kituo cha transfoma chenye volti za vifaa. Treni ikiingia, ekseli zake zinaunganisha chuma kilichotengwa na mwenzake wa upande wa pili, mzunguko unakamilika, na signali inaamka. Gurudumu la mwisho likitoka, inalala.

Fikiria jambo hilo. Treni yenyewe ndiyo swichi. Haihitaji uzito wala nati.

Na si mbinu ya vichezeo tu. Mwaka 1872 William Robinson aligundua mzunguko wa umeme wa relini, na majaribio yake ya mwanzo yalifanyika hapa hapa Pennsylvania, mahali paitwapo Kinzua. Reli nyingi za kweli duniani zimeendeshwa kwa wazo hilo tangu wakati huo. Ila kuna tofauti moja ambayo baba angeisisitiza. Kwenye reli ya kweli umeme unapita muda wote njia ikiwa tupu, na treni ikiingia inaukata kwa kuupitisha kwenye ekseli zake, signali inageuka nyekundu. Maana yake waya ukikatika, au reli ikivunjika, au betri ikifa, signali inakuwa nyekundu vilevile. Hitilafu inasimamisha treni. Kwenye kichezeo ni kinyume: waya ukikatika, signali haikuonyi. Kwa hiyo usitegemee signali ya kuchezea kuzuia vichwa viwili vya treni visigongane.

Nimetumia reli iliyotengwa kwa 153. Nyekundu inawaka treni ikifika, lakini kijani hakizimi.

Ndivyo itakavyokuwa. Kifaa cha kubonyezwa cha 153 kina njia mbili: kinapowasha nyekundu kinazima kijani. Reli iliyotengwa ina njia moja tu, ya kuwasha. Weka katikati rilei ndogo, yaani swichi inayoendeshwa na umeme: reli iliyotengwa iendeshe koili ya rilei (waya uliozungushwa unaokuwa sumaku ukipata umeme), na mguso wa rilei ubadilishe kutoka kijani kwenda nyekundu. Hakikisha tu koili ya rilei inafaa kwa umeme wa AC wa volti 12 au zaidi kidogo. Ukiweka ya DC itatetemeka kama nyuki anayevuma na miguso itaungua.

Mlinzi wangu hatoki, au anatoka nusu na kukwama mlangoni.

Usikimbilie kununua koili mpya. Koili za Lionel ni ngumu kufa. Angalia kwa mpangilio huu.

Geuza kibanda, fungua skrubu za chini, na sukuma fimbo ya chuma iliyo ndani ya koili kwa kidole. Iteleze bila kusita. Mara nyingi haitelezi, na sababu ni mafuta. Mtu fulani miaka ya nyuma aliona inakwaruza akaimwagia mafuta ya cherehani. Mafuta yakashika vumbi, vumbi likawa gundi. Safisha fimbo na tundu lake kwa spiriti na kipande cha pamba mpaka pamba itoke nyeupe. Irudishe ikiwa kavu. Ukitaka kuiongezea kitu, kwangua ncha ya penseli uiguse unga wake kidogo. Mafuta hapana.

Kama fimbo ni safi, tazama bawaba ya mlango. Mlango uliopinda kidogo unatosha kumzuia mzee. Kisha pima volti kwa mita, treni ikiwa juu ya reli. Waya mwembamba na mrefu unakula volti, na kibanda kilicho mwisho wa meza kinaweza kupata chache kiasi cha kunguruma tu. Mwisho, kwangua kutu na uchafu kwenye chuma kilichotengwa na kwenye magurudumu ya mabehewa. Grisi kwenye ekseli inazuia umeme kuliko watu wanavyodhani.

Onyo moja: treni isisimame muda mrefu juu ya kipande kilichotengwa. Mlinzi akibaki nje dakika ishirini, koili inapata joto, na nyumba ya 145 ni ya plastiki. Nilipata kimoja ambacho sakafu yake ilikuwa imelegea kama mshumaa juani.

Mnara wangu wa taa inayozunguka uliacha kuzunguka nilipobadilisha balbu.

Uliweka LED, bila shaka. Mnara namba 394, wa 1949 hadi 1953, hauna mota. Kichwa chake kimekaa kwa ncha ya sindano juu ya balbu yenyewe, ambayo ina kishimo kidogo kileleni, na joto la balbu linapanda na kukisukuma kizunguke. LED haina joto la kutosha. Tafuta balbu ya aina ile ile yenye kishimo, uiweke, na usiweke mnara karibu na feni au dirisha wazi.

Mrithi wake, namba 494, anazungushwa na mtetemo wa koili, kwa hiyo yeye unaweza kumwekea balbu unayotaka. Anapiga kelele. Mimi napenda 394, kwa kuwa inaanza polepole, inasita, halafu inashika mwendo taa inapopata moto.

Mnara wa kuchimba mafuta namba 455 nao unafanya kazi kwa joto: balbu ya chini inachemsha kimiminika ndani ya mrija wa kioo na mapovu yanapanda. Mrija ukipasuka, fungua madirisha na usivute harufu ya kilichomwagika.

Naweza kuvitumia Dar es Salaam au Mombasa, kwenye umeme wa volti 230?

Unaweza, ukiwa mwangalifu. Usichomeke kamwe transfoma ya Lionel ya Marekani moja kwa moja ukutani. Imetengenezwa kwa volti 115 na itaungua. Unahitaji transfoma ya kupunguza, ya kutoka 230 kwenda 110, yenye uwezo unaozidi mahitaji yako. Kama unatumia transfoma ya Lionel iitwayo ZW, ya wati 275, nunua ya kupunguza ya wati 500.

Jambo la pili wengi hawalijui. Umeme wa Marekani unabadilika mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Transfoma ya kupunguza inabadilisha volti tu, haigusi idadi hiyo. Chuma cha ndani ya transfoma ya 60 kinafanya kazi ngumu zaidi kwenye 50 na kinapata joto. Volti 110 badala ya 115 zinasaidia, lakini usiibebeshe mpaka mwisho wa uwezo wake, na iguse kila baada ya muda. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, zima.

Signali na mlinzi wa geti hawataona tofauti. Vifaa vya mtetemo, kama kipakio cha mapipa namba 362, vitatetemeka polepole zaidi, na mapipa yatapanda kwa uvivu. Sogeza skrubu ya kurekebisha kidogo kidogo.

Njia rahisi zaidi, kama unataka vifaa tu bila treni nzima ya kale, ni kununua transfoma ya kwetu ya volti 12 AC, ile ya kengele za mlango au taa za bustani, yenye fyuzi. Signali nyingi za Lionel zinaridhika na volti 12 hadi 14.

Transfoma yenyewe ya zamani ni salama?

Waya wake wa ukutani karibu kila mara si salama. Mpira wa miaka sabini unapasuka ukiukunja. Badilisha kabla ya kuchomeka hata mara moja, na kama hujawahi kufanya kazi ya umeme wa ukutani, mpe fundi.

Nikipake rangi upya?

Hapana. Namaanisha, fikiria mara tatu, halafu hapana. Signali yenye mikwaruzo ya kweli ina thamani na ina historia; iliyopakwa rangi ya kopo imepoteza vyote viwili, na aliyekuja baada yako hawezi kuirudisha. Plastiki ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, ukiepuka maandishi. Bati lililochapwa picha lipanguse kwa kitambaa kikavu tu, maana maji yakipenya kwenye mkwaruzo kutu huanzia hapo. Thina isikaribie meza.

Vifaa vya zamani zaidi, vya kabla ya vita, vina rangi nene inayong'aa ambayo huenda ina risasi. Usiipige msasa, na usimwachie mtoto anayeweka vitu mdomoni.

Kitako cha signali yangu kimevimba na kupasuka chenyewe. Nikigundishe?

Pole sana. Hiyo ni kansa ya zinki. Kabla ya vita, viwanda vingi vilimimina sehemu kwa mchanganyiko wa zinki usio safi, na risasi kidogo iliyochanganyika humo inaoza chuma kutoka ndani, miaka nenda miaka rudi. Haina dawa. Gundi inashikilia kwa muda, kisha ufa unatokea kando yake. Tafuta kitako cha kunakili, ukibadilishe, na kile cha asili ukihifadhi mbali na unyevunyevu. Vya baada ya 1945 vina nafuu kubwa.

Boksi lina umuhimu gani?

Kwa muuzaji, mkubwa sana. Boksi safi la karatasi linaweza kugharimu zaidi ya kifaa kilichomo. Kwa mtu anayetaka kuona mlinzi akitoka, halina umuhimu. Nakushauri ununue kilicho uchi na chafu, pesa inayobaki ununue kingine.

Ukinunua cha boksi, jihadhari: maboksi ya kunakili yapo mengi. Pia geuza kifaa usome chini. Vya zamani vimeandikwa The Lionel Corporation, New York. Kuanzia 1970 jina hilo lilitumiwa kwa leseni na kampuni nyingine, na vifaa vilivyotolewa upya vina maandishi tofauti. Si vibaya, vingi vinafanya kazi vizuri kuliko baba zao, lakini usivilipie bei ya vya kale.

Vipi kuhusu Hornby, Märklin na American Flyer?

Hornby ya Liverpool, iliyoanza kuuza treni mwaka 1920, ilikuwa na signali za bati za kuvuta kwa mkono. Ukitaka kinachofanana na signali alizovuta baba yangu, tafuta za Hornby, kwa kuwa desturi ya signali za mkono za Uingereza ndiyo iliyofuatwa kwenye reli zetu za kikoloni. Mkono mwekundu wa kusimama, na wa manjano wenye ncha iliyokatwa kama mkia wa samaki wa kutahadharisha kwamba signali inayofuata iko mbele.

Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilifanya vya kifahari. Vya kale bei zake ni za minada mikubwa. American Flyer, chini ya A. C. Gilbert wa New Haven, ilihamia reli ya vyuma viwili baada ya vita. Inafanana zaidi na reli ya kweli kwa macho, lakini mbinu yangu ya kutenga chuma haifanyi kazi humo, kwa sababu vyuma vyote viwili vina kazi na magurudumu yametengwa yasipige shoti. Utarudi kwenye vifaa vya kubonyezwa.

Wapi naweza kuviona kabla ya kununua?

Ukiwa Marekani, nenda Strasburg, Pennsylvania, kwenye jumba la makumbusho la treni za kuchezea la chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa mwaka 1954. Kuna vitufe vya kubonyeza, na vifaa vinafanya kazi mbele yako. Mji wa York, si mbali na hapo, una soko kubwa la wakusanyaji kila Aprili na Oktoba. Nenda na balbu moja, waya mbili na betri ya kuchezea mfukoni, umwombe muuzaji akuruhusu kujaribu. Wengi wanakubali, na wanaokataa wamekwisha kukujibu.

Ukiwa Nairobi, Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, yanahifadhi vichwa vya treni na zana za kazi za reli ya kweli. Mpeleke mtoto huko kwanza aone vitu vyenyewe kwa ukubwa wake. Akirudi nyumbani akamwona mzee akitoka kibandani na taa, atajua anamsubiri nani.